Salamu Zilizokomea kwa Nyapara

"Rudia hapo kwa redio," Nzomo alisema.

Kamene alikuwa amerudia hapo mara tatu tayari, na uji ulikuwa unafurika motoni, lakini baba yake alikuwa ameketi kitandani akiegemea ukuta wa mabati, na siku hizi hakuwa na mengi ya kuomba. Akasogea mlangoni penye mwanga, akaisoma tena barua ya kaka yake.

"'Jumamosi hii nitapanda basi hapa Meerut niende Delhi, nirudi jioni. Kuna redio huko inayotangaza kwa Kiswahili, na wametuita sisi wanafunzi wa Afrika tutume salamu nyumbani. Zangu zitasikika Jumamosi ya mwisho wa mwezi, saa kumi na mbili na nusu jioni kwa saa za huko kwetu. Nendeni Thika kwa Bwana Champaklal, redio yake inashika Delhi vizuri. Msikose. Mtanisikia mwenyewe nikiongea.'"

"Nikiongea," Nzomo alirudia. Kikohozi kikamshika. Ndunge, mkewe, akamwekea mkono mgongoni na kungoja kimalizike, maana kilikuwa hakizuiliki tena kwa chai ya tangawizi wala kwa dawa ya daktari. Daktari mwenyewe alikuwa amesema wazi: kifua kimejaa vumbi la mawe, na vumbi hilo halina wa kulitoa.

"Hiyo Jumamosi anayosema imeshapita," Ndunge alisema. "Barua imekawia njiani. Amekwisha kwenda na kurudi."

"Basi maneno yake yako tayari. Kazi yetu ni kwenda kuyasikia."

"Baba Muthoka, mwandikie sasa. Mwambie unaumwa. Mwaka mzima tunamdanganya mtoto kwamba uko machimboni unapasua mawe."

"Mtoto aliye masomoni haambiwi ugonjwa. Akiambiwa, moyo unarudi nyumbani, kule kunabaki koti tu."

Hayo ndiyo maneno ya wazazi wetu wengi, na ni ya mapenzi, sikatai. Lakini yamewazika watu wengi bila kuagana na watoto wao. Ndunge aliyajua hayo pia. Hakubisha, kwa sababu alijua kilichokuwa chini ya maneno hayo, na kilichokuwa chini kilikuwa aibu.

Miaka miwili nyuma, Muthoka alikuwa karani mdogo katika duka la Champaklal kule Thika, kazi safi, kazi ya kivulini. Nzomo, aliyekula jua la machimbo ya Ruiru tangu ujana wake, alijiona amefika. Kisha kijana akaja na habari kwamba amepata nafasi ya kusoma India. Nzomo akakasirika. Alisema mtu hawezi kuacha ugali mkononi akafuate harufu ya mchele ng'ambo ya bahari. Kwao, kama kwa Wakamba wengi wa upande ule, mtoto akienda mbali baba yake hupiga funda la maji, akamtemea kifuani kama manyunyu, akamwombea njia. Ndiyo baraka. Asubuhi ya kuondoka Muthoka alipiga magoti mlangoni akiwa amefungua vifungo vya shati. Nzomo alichukua nyundo yake, akampita, akaenda kazini.

Alipotulia hasira, meli ilikuwa imekwisha ondoka Mombasa. Muthoka aliandika barua baada ya barua, za heshima zote, na hakuna hata moja iliyogusa asubuhi ile. Sasa Nzomo alikuwa anakufa, naye alitaka kitu kimoja tu: kumsikia mwanawe akimwita baba kwa mdomo wake mwenyewe. Barua inaweza kuwa adabu tu. Sauti, alisema Nzomo, haiwezi kuficha.

*

Siku ile ya safari Muthoka aliamka kukiwa na giza, akavaa sweta aliyofumiwa na Mama Dayaben, mke wa Champaklal, akaenda kituo cha basi cha Meerut. Alipata kiti cha dirishani karibu na mzee wa kilemba aliyebeba karanga za kukaanga. Miwa ilijaa pande zote mbili za barabara. Mtoto wa kiti cha mbele aligeuka akanyoosha mkono, akazishika nywele zake, akacheka. Muthoka alimwachia. Hakupenda, lakini alikuwa amechoka kukataa.

Njia nzima midomo yake ilikuwa ikicheza. Mzee wa kilemba alimtazama, akamgawia karanga, akamuuliza kwa Kihindi anamwomba mungu gani.

"Siombi, mzee," Muthoka alimjibu kwa Kihindi chake cha kuchechemea. "Nasalimia."

Mzee alicheka sana, akawaeleza abiria wa nyuma, nao wakacheka. Muthoka pia akacheka. Kisha akarudi kwenye kupanga salamu zake, maana si jambo dogo mtu kusalimia nchi nzima akisikilizwa. Basi lilivuka mto kwa daraja la chuma, na Delhi ikawapokea kwa vumbi na kelele za baiskeli.

Kwenye kituo cha redio alikuta wanafunzi wenzake wamejaa kwenye benchi. Mtangazaji alikuwa mtu wa Mombasa, mpole, mwenye Kiswahili cha kuteleza.

"Una dakika mbili, ndugu yangu," alimwambia. "Taa hii nyekundu ikizimika, hata ukisema husikiki. Nakushauri uanze na wazee wako. Wengi hukatikia njiani, wakajuta."

Muthoka aliitikia kwa adabu, lakini moyoni alisema huyu ni mtu wa pwani, hajui kwetu. Kwao mtu akisimama mbele za watu na kuanza na mama yake na baba yake, huonekana anajisalimia mwenyewe. Watu wa nje hutangulia. Mwenye cheo, mtu wa Mungu, mwalimu, aliyekusaidia, jirani. Wa nyumbani huja mwisho, na ule mwisho ndio kiti chao cha heshima, kwa sababu hapo ndipo mtu humwaga alichokuja nacho. Kwa mwisho huo Muthoka alikuwa ameandaa maneno aliyoyabeba miaka miwili: "Baba, sikuondoka kwa kiburi. Nilikungoja mlangoni. Bado nimepiga magoti."

Taa ikawaka. Akasalimia. Wala hakwenda polepole. Lakini kila mtu ana jina, na kila jina lina neno lake la shukrani. Alipomaliza na nyapara wa machimbo, ambaye alimtaja kusudi ili asimsumbue mzee kazini, akavuta pumzi ndefu ya kumwendea baba yake. Taa ikazimika.

"Bado!" alisema. "Bado baba yangu!"

"Pole, ndugu." Mtangazaji alimshika bega. "Wenzako saba wanangoja nje, na kipimo ni kimoja."

Kwenye basi la kurudi hakula kitu. Giza lilipoingia akajipa moyo. Mzee ni mtu wa mawe, ana nguvu za mawe. Mwaka ujao nitarudi kwa likizo, nitamwambia uso kwa uso. Tena ni afadhali. Basi akalala, kichwa kikigonga dirisha.

*

Kutoka kampi ya machimbo hadi barabara ya mabasi ni mwendo wa mtu mzima, na Nzomo hakuwa tena mtu mzima. Jumamosi ya salamu ilipofika, Ndunge alikwenda kwa nyapara Wambua, aliyekuwa akihesabu mawe yanayopakiwa kwenye lori.

"Bwana Wambua, lori linakwenda Thika leo?"

"Linakwenda. Kwani?"

"Baba Muthoka angependa kupelekwa. Kuna salamu za mtoto kwenye redio."

Wambua alicheka huku akiwatazama wapakiaji, na wapakiaji wakacheka kwa sababu nyapara amecheka. "Huyo mtoto bado anakumbuka Kiswahili? Nilisikia siku hizi anakula dengu kwa vidole na kuabudu ng'ombe."

"Tusaidie, bwana."

"Mbele hakuna nafasi. Nimemwahidi mtu." Hakukuwa na mtu. "Mpandisheni juu ya mawe. Mzigo ni mzigo."

Wakampandisha. Ndunge alitandika gunia, akamweka mumewe katikati yake na Kamene, wakamshika huku na huku. Lori lilipokuwa linaruka mashimo, Nzomo aliweka kiganja chake juu ya jiwe lililokuwa chini yake, akalipapasa ukingo.

"Limekatwa vibaya hili," alisema. "Vijana wa sasa."

Kamene alitaka kulia, akajizuia. Walipita mashamba ya kahawa na kizuizi cha askari waliokagua pasi zao, maana ulikuwa mwaka wa hamsini na sita na Hali ya Hatari haikuwa imeisha, mpaka wakafika Thika jua likiwa limelegea. Dereva aliwashusha nyuma ya duka la Champaklal. Walikuwa wamepanga kulala Majengo, kwa dada yake Ndunge, kwa kuwa amri ya kutotembea usiku ilianza mapema na askari hawakujua salamu.

"Mzee Nzomo! Karibu, karibu!" Champaklal alitoka mwenyewe, mfupi, mwenye kofia nyeusi, mikono wazi. "Leo Muthoka naongea kwa redio yangu! Ingia ndani, kaa."

Lakini mkewe alikuwa amesimama mlangoni, naye alikuwa amekisikia kile kikohozi tangu lorini. Alisema neno kwa Kigujarati, kwa sauti ya chini. Champaklal alijibu neno. Yeye akarudia lake. Dada wa Dayaben alikufa kwa kifua kule kwao India, akitema damu kwenye kitambaa, na tangu siku hiyo hakuna kikohozi kilichoingia nyumbani mwake. Hilo Nzomo hakulijua. Alichokiona ni mwanamke aliyeziba mlango.

"Kaa hapo nje kidogo," Dayaben alisema, bila kumtazama. "Iko hewa nzuri. Mimi naleta kiti."

Akaleta kiti kweli, kizuri, cha kukunja. Akaleta na maji katika kikombe cha bati, kile kilichotundikwa kwenye msumari wa nje kwa ajili ya wafanyakazi. Champaklal, kwa aibu, akaisogeza redio hadi kwenye meza ya dirishani, juu ya kitambaa cha shanga, akaigeuza uso ielekee uani. Hapo palikuwa karibu kiasi kwamba Nzomo angenyoosha mkono angeigusa. Ndunge na Kamene wakakaa chini, miguu wameikunja.

"Mwaitu, atamtaja?" Kamene alimnong'oneza mama yake.

"Ni baba yake. Atamtaja nani mwingine?"

*

Redio ilikoroma, ikapiga mluzi, kisha mtu wa Mombasa akasikika kana kwamba yuko dukani akinunua sukari. Wakaja vijana wawili wengine kwanza, mmoja wa Kisumu na mmoja wa Moshi. Halafu:

"Mimi ni Daudi Muthoka, mwanafunzi hapa Meerut. Kwetu ni Ruiru."

Ndunge alijiziba mdomo kwa leso. Sauti ilikuwa imenenepa, lakini ni yeye, ni ile ile. Nzomo hakutikisika. Alikuwa ameinama mbele, mikono magotini, akikizuia kikohozi kwa nguvu zote zilizomo mwilini.

"Kwanza namsalimu chifu wetu, na wazee wa baraza. Namsalimu Mchungaji Mburu na kanisa zima, maombi yenu yananifikia. Namsalimu Mwalimu Kagwe, aliyenichapa nikajua hesabu. Nawasalimu kwa heshima Bwana Champaklal na Mama Dayaben wa Thika. Mama, ile sweta uliyonifumia ndiyo nimevaa leo, na baridi ya huku imeshindwa."

"Arre!" Dayaben alipiga makofi, machozi yakamtoka. "Nasema jina yangu! Sweta yangu!" Champaklal alitabasamu, akavua kofia, akaivaa tena.

"Nawasalimu majirani wote wa kampi ya mawe, mliotupa chumvi tulipokosa. Na namsalimu Bwana Wambua, nyapara, anayewatunza watu wangu kazini. Mungu akuzidishie."

Kisha kikasikika kitu kimoja kidogo. Muthoka alivuta pumzi, ndefu, ya kifua kizima. Nzomo akainua kichwa.

Zeze la Kihindi likaanza kulia.

Walingoja. Zeze liliendelea. Mtu wa Mombasa akasema sasa ni zamu ya ndugu yetu kutoka Kampala, na ndugu wa Kampala akaanza kuwasalimu watu wake. Ndunge aliona aibu kumtazama mumewe. Kamene alijikuta amesimama.

"Ndiyo basi?" aliuliza. "Wambua? Salamu za kaka yangu ziishie kwa Wambua?"

"Nyamaza, Kamene," Nzomo alisema. Sauti yake haikuwa na hasira. "Ulitaka aanze na mimi? Angeanza na mimi mbele ya dunia nzima, watu wangeuliza nyumba hii hailei watoto? Alikuwa anakuja. Amepita kwa chifu, amepita kwa mchungaji, amefika mpaka machimboni. Nimemsikia akivuta pumzi." Akatulia, apate yake. "Ile pumzi ilikuwa yangu."

Akachukua kile kikombe cha bati, akapiga funda. Ndunge alielewa kabla ya Champaklal, na kabla ya Dayaben, akataka kusema kitu, lakini si jambo la kukatizwa. Nzomo alijiinua kwa kushika fremu ya dirisha. Akainamia redio, pale ilipotoka sauti ya mwanawe, akaitemea maji, manyunyu membamba yakatua juu ya uso wa redio na juu ya kitambaa cha shanga.

"Nenda," alisema kwa Kikamba. "Nenda, mwanangu, usikwame. Njia yako iwe na maji."

Dayaben akapiga yowe.

"Natema! Mgonjwa natema nyumba yangu! Champak, ona! Natema redio!"

"Mama, siyo hivyo," Ndunge aliinuka haraka. "Si mate ya ubaya. Ni baraka. Anambariki mtoto."

"Baraka gani? Kifua mbovu, natema mahali watoto nakula! Nimepa kiti, nimepa maji, hii ndiyo shukrani?"

Alikuwa akilia kwa hofu ya kweli, na hofu ya kweli haisikilizi. Akanyakua redio huku ndugu wa Kampala akiwa katikati ya jina la shangazi yake. Akakivuta kitambaa cha shanga kwa ncha za vidole, akakitupa uani, miguuni pa Nzomo. Akamwaga dawa ya kuulia vijidudu mezani, ikanuka mpaka nje. Champaklal alisimama na kofia mkononi. Angeweza kusema neno. Miaka mitatu Muthoka alikuwa amemlindia mali yake, na neno moja tu lingetosha. Mwishowe alisogea dirishani, akasema kwa sauti ndogo, "Pole, mzee, mama naogopa," kisha akalifunga.

Kamene alikiokota kile kitambaa, akakikung'uta, akakikunja vizuri, akakiweka juu ya kile kiti cha kukunja. Kisha yeye na mama yake wakamshika Nzomo huku na huku, wakaanza safari ya Majengo kabla askari hawajatoka. Nzomo alikwenda hatua chache, akasimama.

"Mama Muthoka."

"Naam."

"Imemfika?"

"Imemfika," Ndunge alisema.

*

Hakumaliza wiki. Alifia pale Majengo, asubuhi, wakati Ndunge amekwenda kuteka maji. Wambua alitoa lori la kumrudisha, na safari hii alitoa pia kiti cha mbele, kwa ajili ya mjane. Alikuwa amezipata habari za salamu. Siku ya mazishi alimweleza kila aliyesimama karibu naye jinsi alivyotajwa jina Delhi.

Jumapili iliyofuata Kamene aliketi mlangoni penye mwanga na karatasi. Mama yake alikaa kitandani, upande uliokuwa wa mumewe.

"Anza na salamu," Ndunge alisema. "Chifu anamsalimu. Mchungaji Mburu anamsalimu, na ndiye aliyezika. Mwalimu..."

"Hapana, mwaitu."

"Hapana nini?"

"Mara hii naanza na baba."

Ndunge alimtazama binti yake. Hapo zamani angemkemea. Alishika ncha ya leso, akaisokota, akaiachia.

"Haya. Anza na baba yako. Mwambie alikuwa mgonjwa, sisi tukaficha. Mwambie alimsikia. Alimsikia akivuta pumzi, akajua ni yake. Mwambie amemtemea maji."

Kamene aliandika, akifuta machozi kwa mgongo wa mkono yasianguke kwenye wino.

"Niandike na vile dirisha lilivyofungwa?"

"Hilo usiandike. Atarudi na karatasi zake za shule, na kazi ataanza kuitafuta kwa Bwana Champaklal." Ndunge alionyesha chini ya karatasi kwa kidole. "Mwishoni weka, Mama Dayaben anamsalimu."

"Hakutuma salamu, mwaitu."

"Weka tu."

Kamene akaweka.